Nafasi ya Jina Kwenye Fomu

Shule yangu iliishia darasa la sita, kambini Tanzania, kwa hiyo mambo ya chuo kikuu humwachia binti yangu. Hili siwezi kumwachia.

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kumwogesha na kumlisha bibi mmoja wa mtaa wa St Marys, huku ugenini tulikopokewa, mwenyeji wa asili wa nchi hii, wa kabla ya Wazungu. Binti yangu alipoanza shahada ya uzamili katika masomo ya wenyeji wa asili, bibi ndiye aliyemsimulia jinsi serikali ilivyomtoa kwa mama yake akiwa mtoto. Sura nzima ya tasnifu ilitoka pale. Bibi alipoombwa saini ya kuridhia alicheka. "Nilichukuliwa kwa karatasi yenye saini. Wewe andika tu, mjukuu."

Akafariki. Makaburini nikamlilia kwa jina, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu. Mpwa wake, ambaye huniita shangazi kwa heshima, akanishika mkono. "Shangazi, hapana. Kwetu jina la marehemu halitajwi kwa muda. Tutakwambia wakati ukifika." Hadi leo naona haya.

Wiki iliyofuata chuo kikaandika: sura haipokelewi bila jina kamili la msimuliaji na saini yake, au ya ndugu. Bila sura, hakuna shahada. Binti yangu akaiweka fomu kando ya maharage niliyokuwa nachambua.

"Mama, ulikuwa mtunzaji wake. Jaza, weka saini. Nani atajua?"

"Mimi si ndugu yake."

"Basi mpigie mpwa wake."

"Nimwambie aniandikie jina asilotaka hata kulisikia?"

"Nimesoma miaka miwili, Mama!"

"Na hiyo miaka miwili hawakuwafundisha hili?"

 Waliwafundisha. Hata mtihani waliufanya.

Hapo ndipo hasira juu ya chuo iliponipanda. Nikaenda naye chuoni. Mlangoni pa ofisi kuna kibao cha kuwaheshimu wazee wa wenyeji wa asili wa nchi hii, waliopita na waliopo. Karani akatabasamu. "Pole mama, kompyuta haikubali nafasi tupu."

"Basi hiyo shahada ipeni kompyuta."

Nilidhani binti yangu atanifinya. Akachukua kalamu, penye jina akaandika: "Familia iko kwenye maombolezo." Chini akaweka saini yake mwenyewe. Karani akasema itarudishwa, na kweli ilirudishwa.

Siku wenzake walipovaa majoho, sisi tulikuwa St Marys na sufuria ya maharage, kwa mpwa wa bibi. Tulikula. Habari za fomu hatukumwambia.