Robe ya Mashati ya Baba

Wazazi wangu walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wametuzaa sisi sote na kupata wajukuu, lakini ndoa ya kanisani hawakuwa wamefunga. Kila walipopanga, lilitokea jambo: mara kukimbia vita, mara mtoto mgonjwa, mara baba kuhamishiwa shule nyingine. Kwa hiyo padri wa parokia yetu hapa mjini Baraka alipotangaza kwamba atafungisha ndoa za pamoja, mama aliinuka kwenye benchi kabla baba hajageuza shingo.

Shida ikawa robe, gauni la harusi. Mama ni mtu wa mwili, na robe za kukodi zilimfika kiunoni zikagoma. Ya mwisho iliachia mshono, mama akatoka dukani akicheka mpaka machozi.

"Mi siwezi jibana kama muhogo wa shikwange ndani ya majani, siku ya ndoa yangu," akaniambia. "Twende kwetu. Iko kitu nataka nikuonyeshe."

Nyumbani alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mashati meupe ya baba. Baba alifundisha shule ya msingi, kwanza Fizi mlimani, kisha huku chini Baraka, na sikumbuki kumwona akienda darasani bila shati jeupe. Kola ikichakaa, alilikunja na kuliweka. Hakukubali hata moja ligeuzwe tambara la kupangusia meza.

"Hii yote nilifua na mikono yangu," mama akasema. "Nikapiga pasi ya makaa, kila asubuyi. Sasa mashati ya Mwalimu inivalishe na mimi."

Wakati huo nilikuwa najifunza kushona kwa jirani yetu, mama mmoja Mrundi aliyekuja na ukimbizi, akaweka mashini yake barazani kando ya barabara. Tulipomwaga mashati mezani pake, alishika kichwa, akamwita Mungu wake kwa Kirundi.

"Mana yanje! Nyeupe yote hii haifanane!"

Ilikuwa kweli. Moja lilikuwa na rangi ya maziwa, lingine lilibaki na ubuluu wa kufulia, lingine liling'aa kama bati jipya. Tulijaribu kuyachanganya, ikawa kama ukuta uliopakwa rangi na watu wanaogombana. Basi tukayapanga: yenye ubuluu chini kabisa, yanayong'aa katikati, ya maziwa kifuani. Tulikwepa viwiko na kola, tukatumia migongo, maana mgongo wa shati hauchakai upesi. Vifungo tukavishusha nyuma, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kifuani tuliunga kipande cha mbele chenye mfuko, nao ulikuwa na doa la wino. Nilitaka kuutoa, mama akanizuia.

"Ule mufuko uache. Nitaweka kitambaa ya kupangusa machozi."

Huku nyumbani baba alianza kutafuta shati la kuvaa siku ya ndoa.

"Mama, mashati yangu iko wapi?"

"Iko inafuliwa."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

Alinitazama mimi. Niliangalia sufuria ya ugali kana kwamba itaruka. Mwishowe kaka yangu alimnunulia shati jipya, na neno likaishia hapo.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alipoingia, kina mama wa kwaya walipiga vigelegele hata kinanda hakikusikika. Baba alisimama mbele, amekaza uso kama mtu anayesimamia mtihani. Mama alipofika ubavuni mwake, macho ya baba yakashuka taratibu mpaka kwenye mfuko ule wenye doa. Akaukazia macho. Akachungulia mgongoni, akatazama vifungo. Halafu akaangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho sisi watoto wake hatukuwahi kukisikia mbele za watu.

Padri akasita. "Mwalimu, kuko tatizo?"

"Hapana, Padri. Bibi yangu amenivaa!"

Kanisa lote lilivunjika mbavu. Wenzao waliokuwa wakingoja zamu walicheka mpaka bibi-arusi mmoja akaangusha maua. Mama alilia kwa kucheka, akatoa kitambaa chake mfukoni.

Kwenye karamu baba hakumwachia. Walicheza, na katikati ya ngoma alikuwa akishika pindo hili na lile, akituambia shati hilo alilivaa darasa gani na ni nani aliyemsumbua siku ile.

Wiki iliyofuata barazani kwa jirani palijaa watu wenye mifuko ya nguo kuukuu. Bibi-arusi mmoja alitoka Kazimia na vikwembe, vitenge vya nyanya yake, mwingine alileta suruali za kazi za marehemu baba yake tumshonee mtoto koti. Jirani akaniambia niweke meza yangu kando ya yake.

Mama hakuificha robe yake. Aliivaa tena kwenye sikukuu mbili tatu, kisha akaniletea.

"Punguza huku chini. Utoe robe ya ubatizo ya mujukuu."

Nilikata, nikashona kirobe kidogo chenye vifungo vya babu yake. Siku ya ubatizo baba ndiye aliyembeba mtoto kanisani, kifua mbele, naye mtoto akamkojolea mkononi kabla padri hajafika na maji.