Namba ya Kufuli Zote

Wifi yangu, mke wa kaka, anatengeneza kufuli za mlango zinazofunguka kwa simu au kwa kubonyeza namba. Ana chumba kimoja, meza mbili na chuma cha kulehemu kisichopoa. Kila kufuli ilikuwa na namba ya siri ya mwenye nyumba, na nyingine eti ya fundi peke yake, ile ile kwa kufuli zote. Mteja akisahau yake, anapiga simu, wifi anamtajia ya fundi, mlango unafunguka. Siri gani hiyo, sijui. Wazee walimpenda kwa hilo, na mama yake mzazi aliongoza kwa kusahau.

Ndipo nchi za kanda zikapitisha sheria moja: kifaa chochote kinachoingia mtandaoni kipimwe usalama wake, na kisicho na cheti kisiuzwe. Wifi akikosa cheti, chumba kinafungwa, na hana kazi nyingine. Nikamwambia aiondoe ile namba mapema.

"Wifi, wewe uza vitambaa vyako," akanijibu.

Haya. Tukaenda wote maabara. Mpimaji hakuwasha hata kompyuta. Alibonyeza namba ya fundi, kufuli ikafunguka.

"Umeipata wapi?" wifi akauliza.

"Kwako. Mwaka jana nilikupigia nikiwa mlangoni kwa mkwe wangu. Hukuniuliza mimi ni nani."

Wifi alinywea. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikumpa. Aliifuta namba kwenye kufuli mpya, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kuifuta kwenye za zamani, mimi nikimbebea mkoba. Kwa mama yake tulimalizia. Cheti kikatoka, nikafurahi kuliko mwenyewe.

Haukupita muda, mama akapiga simu.

"Mwanangu, niko nje. Namba imenitoka."

"Sina tena namba ya kukutajia, mama. Nakuja."

Tulibeba bisibisi na drili, wifi akilaumu sheria njia nzima. Tukakuta mlango wazi, mama amekaa ndani, chai mezani na vikombe vitatu.

"Si ulisema umesahau?"

"Nimekumbuka," mama akasema, akimimina. "Zamani nikisahau, ulikuwa unanitajia namba halafu unakata simu."

Wifi alisimama pale na drili yake. Kisha akaiweka chini, akavuta kiti.