Pazia la Chumba cha Dripu

Redio ndiye aliyesema kwamba Ticha anajishonea sanda.

Redio ni jirani wa chumba cha kona, na jina hilo alipewa kwa sababu hazimwi. Alilisema hilo bombani, ndoo yake ikifurika mbele yake wala haoni. Alikuwepo dukani kitambaa kilipokatwa. Cheupe, kikubwa.

"Mtu ana kansa, ananunua kitambaa cheupe mita kibao, halafu hasemi cha nini. Nyie mnadhani cha nini?"

Mama Bonge alikuwa akisuuza nepi za mwanawe. Moyo ulimpiga pa! Ticha, mwalimu wa chekechea, alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, na ndiye aliyemshika mkono siku ya uchungu wa kumzaa Bonge mpaka mkono wenyewe ukafanya alama. Alianika nepi harakaharaka, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kugonga.

"Dada, leo nakusindikiza."

"Nani kakwambia natoka?"

"Si umevaa viatu."

Ticha alicheka. Kichwani, pale nywele zilipokuwa, alifunga kilemba cha njano. Kesho yake ilikuwa siku ya dripu ya dawa za kansa, na leo ilibidi akapimwe damu kwanza, achukue dawa za kichefuchefu, apite dukani, apite na kwa fundi viatu. "Haya twende," alisema. "Lakini usinikimbize."

Njiani Mama Bonge aligundua kitu. Ticha hakufuata barabara, alifuata viti. Kinyozi alimwona kwa mbali, akamwondoa kijana aliyekuwa akisoma gazeti kwenye benchi. Muuza mayai aligeuza kreti tupu, akaweka boksi juu lisimuumize. Ticha alikaa, akahema, akashukuru, na kabla ya kuondoka akalipapasa kreti kama mtu anayempongeza mtoto.

"Unashukuru mpaka kreti, dada?"

"Limenibeba mzima mzima, nisilishukuru?"

Hospitalini walimtoa damu, wakamwambia asubiri majibu. Ticha akamshika Mama Bonge mkono, akampeleka hadi mlango wa chumba cha dripu. Wagonjwa walikaa mstari mmoja kwenye viti vya kulalia, wakitazamana na dirisha pana lisilo na pazia. Mtu alikuwa amebandika kipande cha boksi kwenye kioo, nacho kimeanguka. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia, na kila jua liliposogea naye aliisogeza kofia.

"Unaona?" Ticha alinong'ona. "Jua likiingia hapo huna pa kukimbilia. Umefungwa kwenye mpira wa dripu kama mbuzi. Dripu iliyopita nilipata joto mpaka nikatapika. Nikamwambia nesi, nitawashonea pazia. Nimeahidi kesho nakuja nalo."

Mama Bonge aliegemea ukuta. Kicheko na machozi vilimjia kwa pamoja.

"Wewe una nini?"

"Dada, nisamehe. Redio anasema unajishonea sanda."

 Ticha akacheka, akacheka mpaka nesi akachungulia kuona nani anacheka pale ambapo watu huwa hawacheki. "Mwambie Redio nikitoka hapa nakwenda kununua pete za kutundikia," alisema akifuta macho. "Sanda gani inatundikwa?"

Majibu yalikuwa mazuri. Damu inatosha, kesho aje. Ticha aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa zawadi kwa mikono miwili. Wakapanga foleni ya dawa. Wakanunua pete. Fundi viatu alikuwa ameshamshonea sponji laini ndani ya viatu, maana miguu ya Ticha ilikuwa na ganzi, na alipoulizwa gharama akajifanya hasikii, akaendelea kugonga soli. Mpaka wanafika nyumbani, Ticha alikuwa akitembea kwa kushika kuta, na mazungumzo yamemwishia.

Mama Bonge alidhani atalala. Ticha akakaa kitandani, akavuta pazia kutoka chini ya mto. Kwenye pindo alikuwa amedarizi vifaranga wa njano, miguu mirefu kuliko miili, kama wanavyochorwa na watoto wa darasa lake. Walibaki wachache wa kudarizi, na upande mmoja haujapindwa.

Alishika sindano. Akalamba uzi, akaupeleka kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akajaribu tena. Sindano ikadondoka, naye akaendelea kubana vidole vitupu, hajui kuwa imeshaanguka. Dawa zilikuwa zimemtia ganzi mpaka kwenye kucha. Alipoiona sakafuni, tabasamu la siku nzima likamtoka usoni.

"Lete, dada," Mama Bonge alisema taratibu. "Nitamalizia mimi. Kushona najua."

Ticha alitikisa kichwa.

"Mdogo wangu, tangu nianze kuumwa napikiwa, nafuliwa, nasindikizwa, navutiwa viti. Nashukuru. Tena nashukuru sana, msije mkaacha." Alivaa kastabini kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kuzuia kuchomwa, kisha akalilaza pazia vizuri mapajani. "Lakini nimekuwa mtu wa kutendewa tu. Hiki kimoja nataka kesho wakione, kimetoka kwenye mkono wangu."

Akafungua kopo la sindano, akalisogeza kwa Mama Bonge pamoja na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Kudarizi naweza, nikienda polepole. Tundu ndilo linalonishinda. Kwa hiyo nakuomba hivi: nitungie uzi sindano zote hizo. Njano ziwe nyingi, nyeusi kidogo za macho, nyeupe za pindo. Zichomeke kwenye sabuni, niwe nachukua moja moja. Halafu nenda kapike, uniache nishone."