Uzi Mwekundu Chini ya Bitana

Siku yangu ya kwanza kazini nilichapwa rula kwenye vidole, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Nilikuwa nimetoka Vihiga na cheti cha ushonaji na kiburi cha kutosha watu watatu. Chumba cha kazi kilikuwa orofa ya pili, River Road, juu ya duka la misumari na rangi. Ndani kulikuwa na cherehani nne, meza moja ya kukatia, na mkubwa wetu, fundi wa Lamu ambaye sote tulimwita Maalim kwa sababu jioni alifundisha watoto Kurani. Alinipa koti la mtumba nilipunguze kiuno. Nikapunguza vizuri. Kisha nikaona ndani ya mshono kumebaki kitambaa cha upana wa vidole viwili, nikadhani ni uchafu, nikachukua makasi nikakifyeka.

Rula ikatua.

"Wafanya nini, weye?"

"Nasafisha, Maalim."

"Wasafisha! Na mwenye koti akinenepa mwakani avae nini, ngozi yako? Umekata kesho ya mtu, na hata hukumuuliza."

Siku hiyo niliona amenionea. Leo natamani angenichapa hadi mkono ukavimba, labda somo lingeingia.

Kile kitambaa cha ndani Maalim alikiita akiba. Koti lililoshonwa na mtu mwenye akili huwa na akiba kwenye mshono wa mgongo na mishono ya ubavuni, na suruali huwa nayo nyuma ya kiuno na kwenye pindo la miguu. Mwili ukiongezeka, fundi anafumua, anaachilia kitambaa, anashona upya, na mtu anaendelea na maisha yake. Koti lisilo na akiba likikubana limekwisha, hata kama kitambaa chake ni cha kifalme.

Maalim alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Akimaliza koti, alishona nukta tatu za uzi mwekundu chini ya bitana, yaani kile kitambaa laini cha ndani, upande wa kushoto. Uzi huo ulikuwa neno lake kwamba akiba ipo. Na bado hakutaka uamini tu. Aliacha upenyo mdogo chini ya bitana, akamwambia mteja, "Tia kidole." Mteja akatia, akapapasa, akaipata akiba mwenyewe. Hapo ndipo Maalim alipoufunga upenyo na kutoa koti. Hakuna aliyeondoka bila kutia kidole, awe mwanafunzi au karani.

Wateja wetu wengi walikuwa wanafunzi wa chuo. Nyinyi vijana sasa mna jina la mtindo wenu, mnasema prepi, mnaonyeshana kwenye simu kana kwamba umezaliwa juzi. Upuuzi! Sisi tuliuita kuvaa kama mtoto wa hedimasta, na tulijua kuujenga kwa mfuko wa mwanafunzi. Maalim alianza na koti moja la buluu nzito. Halafu mashati mawili ya kitambaa kizito cha oksfodi, jeupe na la samawati. Suruali ya kaki, nyingine ya kijivu. Sweta ya shingo ya V. Viatu vya ngozi ya kahawia vya kuchomeka mguu, vipigwe rangi kila Jumapili. Kila kilichovaliwa juu kilipatana na kila kilichovaliwa chini, kwa hiyo mtu alibadilisha wiki nzima na wenzake wakadhani ana kabati mbili. Na ukiokota nguo sokoni, angalia bega kwanza. Kiuno napunguza, mkono nafupisha, lakini bega la koti ni mfupa, ukilifumua umeua koti. Bega likikataa, rudisha, usinililie.

Wakati mmoja kijana wa sheria alikuja na makoti mawili. Maalim akampokea moja, la pili akamrudishia kifuani. "Una miili mingapi? Nenda ununue kitabu." Kijana akanuna, lakini alirudi mwaka uliofuata kuachiliwa akiba, na mwaka mwingine tena. Koti moja, miaka minne. Sasa naona mtoto ambaye mama yake anafua nguo za watu amenunua suruali ya waridi yenye nyangumi waliotariziwa, kwa sababu mtu asiyemjua amevaa hivyo kwenye simu. Suruali ya nyangumi! Utaivaa na nini, wewe? Utaivaa mara ngapi kabla darasa zima halijaikariri? Nikiona hivyo damu inanichemka.

Lakini hasira yangu kubwa si kwenu. Ngojeni.

Maalim alipoanza kutetemeka mikono alirudi Lamu, nasi tukatawanyika. Mimi nikapata kazi katikati ya jiji, duka la wanaume lenye mlango wa kioo na vioo vya kujitazama kila upande. Mkubwa hapo alikuwa Meneja. Alinunua mtumba wa kamera, yaani zile nguo safi zinazotoka mwanzo robota likifunguliwa, akazipiga pasi, akazitundika chini ya taa, na muziki wa polepole ukachezwa. Kazi yangu ilikuwa nyuma ya pazia, kurekebisha. Nilihamia na desturi ya Maalim nzima, uzi mwekundu na kidole. Meneja aliipenda sana. Aliwaambia wateja, "Ukiona hiyo red hapo ndani, jua fundi wetu ameguarantee." Wanafunzi wakaambiana, wakajaa.

Baada ya kama miaka miwili akaja nyuma ya pazia, hana furaha.

"Fundi, hawa wanafunzi hawanunui tena. Wanakuja tu uwaongezee. Koti moja mtu anavaa mpaka graduation!"

"Ndiyo maana yake, Meneja."

"Maana ya nani? Mimi si kanisa. Kuanzia leo hiyo kitambaa ya ndani unakata. Yote."

"Na uzi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Uzi unaacha. Si uzi ndio unauza?"

Nilipaswa kuweka makasi mezani nitoke kwa ule mlango wa kioo. Sikutoka. Nilikuwa na binti sekondari na chumba cha kulipia Kangemi, na nilijiambia hayo kila asubuhi nikikata. Nilikata akiba za makoti kwa miezi, nikazitupa kwenye gunia, halafu nikashona nukta tatu za uzi mwekundu mahali palepale, kwa mkono uleule uliochapwa rula. Na upenyo wa kutilia kidole nikauziba mapema. Nilikuwa mwongo wa makusudi, na siandiki hapa ili mnihurumie.

Jumamosi moja akaingia mama mmoja na mwanawe. Mama alikuwa msaidizi wa nyumba huko Muthangari, amevaa leso ya kanisani kichwani, na kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa kwetu, magharibi. Kijana, Barasa, alikuwa ameitwa chuo kikuu, mwembamba, mikono mirefu. Walikuwa wamejipanga vizuri kuliko watoto wa matajiri. Mashati walikuwa nayo tayari, suruali ya kaki wameokota sokoni kwa macho makali, viatu ni vya mjomba. Lilibaki koti tu. Barasa akavaa moja la buluu nzito, bega likamkaa kama limemsubiri. Nililijua. Nilikuwa nimelikata asubuhi hiyo.

"Fundi," mama akasema, "huyu bado anakua. Mimi sitanunua lingine. Litamfikisha mpaka mwisho?"

"Litamfikisha, mama."

"Niliambiwa kwa fundi wenu mtu anatia kidole ndani ahakikishe." Akanyoosha kidole. Mpaka leo nakiona, kidole kilichokunjamana kwa maji ya sabuni.

Meneja alikuwa amesimama karibu na mlango, anatabasamu.

Nikafunua koti nikamwonyesha zile nukta tatu. "Hakuna haja, mama. Si uzi ni huu?"

Akashusha kidole. Akaniambia Mungu anibariki.

Mwaka uliofuata Meneja alinifukuza, wala si kwa ukweli wowote. Alipata kijana wa mashine za umeme anayefanya haraka kuliko mimi. Ndivyo nilivyolipwa kwa uongo wangu wote. Nikaweka cherehani yangu kwenye kibanda nje ya geti la nyumba za ghorofa, Kileleshwa. Huko sikuwa na mkubwa isipokuwa mwenyekiti wa wapangaji, aliyenikataza kupiga redio. Nilitia akiba katika kila kitu nilichoshona, na sikushona uzi mwekundu tena. Nilidhani mambo yamekwisha.

Barasa akanifuata hapo, adhuhuri moja, koti mkononi. Alikuwa amejaa kifua, amekuwa mwanaume. Alikuwa mwaka wa mwisho.

"Sasa fundi! Nimekutafuta mpaka nikachoka. Huko dukani wameniambia ninunue ingine." Akacheka. "Nimewaambia zii, fundi wangu aliniwekea nguo ndani. Kesho asubuhi nina intavyuu Westlands, na hii kitu haifungi. Niongezee kidogo tu mgongoni."

Nilifumua bitana. Nilijua nitakachokuta na bado nilitazama, mpumbavu mimi, kana kwamba kitambaa kingeota. Mshono wa mgongo ulikuwa umekatwa karibu kabisa na uzi. Ubavuni vilevile. Zile nukta tatu nyekundu zilikuwa hapo, safi.

"Iko wapi hiyo nguo ya ndani?" Barasa akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna aje? Si uliambia mathe..."

"Nilimdanganya. Nilikata mwenyewe asubuhi ile, kabla hamjaingia. Niliambiwa nikate, nikakata."

Nilitaka anitukane. Alikaa tu kwenye ndoo niliyoipindua iwe kiti cha wateja, akashika kichwa. "Fundi, sina ingine. Buda, sina ingine."

Basi hasira ikanipanda, ya Meneja, na ya kwangu zaidi. Mimi pia nilikuwa na koti la buluu nzito. Maalim alinishonea siku aliyoondoka, akanitilia akiba pana kila mahali, akasema nitanenepa Mungu akipenda. Sijawahi kunenepa. Nilikwenda nalo kibandani kila siku ya baridi, lilikuwa limening'inia msumarini nyuma yangu. Nikalishusha nikalifumua mbele ya Barasa. Akiba yote ilikuwepo, haijaguswa, na kwa kuwa haikuwahi kuona jua ilikuwa imebaki na buluu yake ya mwanzo. Nikakata vipande virefu, nikavichomeka ubavuni mwa koti lake, chini ya kwapa mpaka kwenye pindo. Buluu mbili hazikufanana kabisa. Nikapiga pasi, nikatazama, nikapiga tena.

"Likae limefungwa," nikamwambia. "Na usiinue mikono, viraka vitaonekana. Wakikuuliza swali, jibu ukiwa umeiweka mapajani."

"Sawa, fundi."

Hakuniambia asante, na ilimstahili kutosema. Nikamtazama akielekea barabarani na koti limekunjwa mkononi, akilishika kama yai.

Siku mbili nzima sikushona kitu cha maana. Kila aliyepita getini nilidhani ni yeye. Siku ya tatu akaja mama. Leso ileile. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Muthangari baada ya kumaliza kuosha vyombo, na jasho lilikuwa usoni.

"Mtoto amepata kazi," akasema.

Nikashusha pumzi. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Nyamaza," akasema. "Mungu ni wangu kumshukuru leo."

Nikaweka makasi mezani.

"Amekaa mbele ya watu wanne mikono imekwama kama mfungwa. Wamemletea chai, akashindwa kuichukua, akasema hanywi. Amenieleza yote, na ya wewe kukata koti lako pia. Hilo nimesikia." Akafungua ncha ya leso, pale akina mama wanapofunga vitu vyao, akatoa vijiuzi vitatu vyekundu, vifupi, vilivyofumuliwa kwa sindano. "Nilitaka kutia kidole. Wewe ulinizuia. Chukua uzi wako."

Aliviweka mezani karibu na makasi, akaenda zake. Hakugeuka.

Nilifunga kibanda wiki hiyo. Watu wa ghorofa walidhani ni macho yangu yamechoka, nami niliwaacha wadhani hivyo. Sasa naishi kwa binti yangu, yule yule niliyemlipia karo kwa makoti ya watu, na koti la Maalim liko kabatini, limefumuliwa ubavuni, bila akiba. Vijana wa chuo humjia mjukuu wangu, mwenzao wa chuo, na nguo zao, wakiniona wananiita fundi, wananiuliza kama koti fulani ni zuri. Nawaeleza bega, nawaeleza rangi, nawaambia watupe nyangumi. Halafu wananionyesha bitana, nembo ya kigeni, mshono maridadi, uzi wa dhahabu, wakingoja niseme litawafikisha.

Sisemi. Nawaambia watie kidole wenyewe. Fundi akikuambia hakuna haja, vua hilo koti umrudishie, hata kama fundi huyo ni mimi.