Madoa ya Mafuta Kwenye Karatasi za Wakili

Binti wa hifadhi ya nyaraka kule Nairobi aliniletea boksi, akavaa glavu nyeupe, akanionyesha madoa kwenye karatasi za juu. Zilikuwa karatasi za marehemu, wakili aliyepanda hadi akawa mkurugenzi wa kampuni ya mafuta.

"Mzee, unaona? Hata karatasi zake zimeloa mafuta. Huyu aliipenda kazi yake."

Nilitaka kumwachia furaha yake, lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Nikamwambia hayo si mafuta ya matangi. Hayo ni ya mandazi, na lile doa kubwa ni la samaki. Na aliyeyaleta ni mimi.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa karani wa dipo ya mafuta Malaba, pale malori yalipojipanga kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyefaulu Kiswahili shuleni, katika mji ambao kila mtu alikizungumza alivyojaliwa. Nilisahihisha madereva. Nilisahihisha matanboi, wasaidizi wao wa garini. Nilimsahihisha hata mke wangu akiwa katikati ya kunigombeza, jambo ambalo simshauri mtu yeyote alijaribu.

Wakili alikuwa mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kwa miaka mingi alikuwa na chumba chake palepale dipo, mpaka alipopandishwa cheo akahamia Nairobi, akaacha karatasi zake nyuma.

Nyuma ya matangi kulikuwa na kipande cha shamba cha mama mmoja mjane aliyeuza samaki mkavu sokoni. Mumewe alizikwa pembeni mwa kipande hicho. Mama aliiruhusu kampuni iegeshe malori hapo, na wakili akamwandikia kwa mkono wake kwamba siku akikitaka atarudishiwa. Mama akatia kidole gumba. Sasa meneja mpya alikuwa anadai kampuni ilikinunua, na wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja Jumatatu. Mama asipokuwa na karatasi, kigingi kingepigwa ng'ambo ya kaburi la mumewe, nalo liwe upande wa kampuni. Wakili aliposikia alikasirika, akasema atakuja mwenyewe Jumamosi kuitoa ile karatasi chumbani mwake.

Siku tatu kabla, ikatufikia barua yake: "Nyaraka zote zilizomo chumbani mwangu zitiwe jaladani kabla sijafika."

Sisi Malaba tulisema faili. Jalada, kwa elimu yangu, lilikuwa gamba la kitabu, na huwezi kutia chumba kizima ndani ya gamba la kitabu. Nikaona wazi kwamba mpiga taipu wa Nairobi amekosea herufi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata d, nikaandika l. Jalalani. Nikamwita tarishi.

"Karani, karatasi mzuri namna hii tunatupa kweli?"

"Mkubwa ameandika."

"Ameandika yeye, ama umeandika wewe?" Alikuwa ameuona wino mwekundu. Nikamwambia afanye kazi yake.

Jalala letu lilikuwa kando ya soko. Kufikia saa sita mchana halikuwa na karatasi hata moja; wachuuzi walizichukua zote kufungia vyakula.

Jumamosi wakili akafika, akafungua chumba chake, akakuta meza na utando wa buibui. "Bwana karani, nyaraka zi wapi?"

"Jalalani, mzee, kama ulivyoagiza," nikasema, na nikamwonyesha barua ili aone jinsi nilivyomsaidia.

Aliisoma mara mbili. Kisha akanifundisha neno moja, silabi baada ya silabi, huku tarishi akisikiliza mlangoni kwa raha ambayo sijamsamehe hadi leo. "Ja-la-da. Faili, bwana! Faili!"

Tukaenda sokoni. Mkurugenzi mzima, na tai shingoni, alizunguka akinunua mandazi asiyoyataka ili apate karatasi zake. Mkataba wa kusafirisha petroli tuliupata kwenye njugu. Barua ya siri kwa waziri ilikuwa imefungia chumvi. Mimi nilimfuata nyuma nimekumbatia mandazi, na kila karatasi niliyoikunjua haikuwa ile. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanawaka, kwa sababu nilijua wa mwisho kwenye safu ile ya wachuuzi ni nani.

Mama alikuwa nyuma ya samaki wake. Hakutusalimu.

"Mama," nikaanza, "zile karatasi za dipo..."

"Nimefungia watu samaki nayo. Zote. Isipokuwa moja." Akafungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye harufu ya samaki na ziwa. "Mimi sijui kusoma. Lakini hii kidole ni yangu. Ona hii alama, kisu ilinikata nikiwa msichana." Akaweka gumba lake kando ya lile la wino. Kovu kwa kovu. "Nikaona mmetupa kidole yangu kwa takataka. Nikajua mmeamua kuchukua shamba. Siku tatu sijalala."

Wakili aliniangalia. Mimi, niliyekuwa na sahihisho kwa kila mtu, nikaweka mandazi chini. Nikasema, "Nisamehe, mama. Ni mimi. Nilikosa kusoma."

"Wewe pia?" akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Jumatatu alisimama mbele ya wapimaji na karatasi yake mkononi, na kigingi kikapigwa mahali pake. Wakili alinyoosha mkono aichukue arudi nayo Nairobi. Mama akairudisha kwenye leso, akapiga fundo, akamwambia anakili kama anataka.

Nakala hiyo ndiyo iliyomo boksini, kwa mwandiko wangu, chini ya barua yenye wino mwekundu. Binti wa glavu akaniuliza kama najua karatasi yenyewe ya asili ilipotelea wapi.

Nikamwambia haikupotea. Mama alizikwa nayo, kando ya mumewe, ndani ya mpaka wake.