Mwezi Ambao Sikuuona

Harufu ya mikate ya mchele ikikaangwa kwa mawese hunirudisha utotoni mwangu hapa Kasongo, kwenye kichuguu kikubwa kama kilima, nyuma ya msikiti wa mtaa wetu. Kila mwisho wa Ramadhani watu walikusanyika hapo kutafuta mwezi upande wa Nyangwe, jua linakozama. Mama aliacha vyungu, wanaume walikunja kanzu zao, sisi watoto tukasukumana. Mmoja angepaza sauti, "Ule pale!" na wote wangeitikia kwamba wameuona. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu, ingawa sikuwahi kuona kitu. Kwangu mbingu ilikuwa kama shuka lililopauka kwa kufuliwa, na niliamini kabisa kwamba kuona mwezi ni jambo la kusemwa tu kwa pamoja, kama tulivyosema amina. Nilidhani ndiyo adabu.

Babu, baba yake mama, ndiye aliyesikilizwa mtaani kwa habari za mwezi. Mwaka mmoja macho yake yalikuwa yameingia ukungu, naye, kwa ukali na majivuno yake, hakutaka mtu ajue. Jioni ya kutafuta mwezi alinishika bega akaninong'oneza, "Angalia muzuri. Unauona?"

"Ninauona, Babu."

Akatangaza kwamba mwezi umeandama. Ngoma ikapigwa, na mama akakimbia kuanza kukaanga mikate ya Idi. Ndipo mwalimu wa madrasa akauliza, "Muzee, iko upande gani? Mimi naona mawingu tu." Babu akaniambia nimwonyeshe. Nikanyoosha kidole popote, na watu wakakifuata kwa macho hadi kwenye wingu zito la mvua. Mmoja akacheka, kisha wengi.

"Na ule muchikichi mbele yako," Babu akaniuliza polepole, "iko na makuti ao walishayakata?"

"Muchikichi gani, Babu?"

Kicheko kikakatika. Babu akaniachia bega. "Kumbe mimi na huyu mutoto, wote wawili hatuoni," akasema, watu wote wakisikia. Akateremka kichuguu akipapasa kwa mguu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kesho yake mtaa mzima ulifunga, na mikate ya mama ikaliwa magharibi.

Baadaye mjomba alinipeleka Kindu nikapata miwani. Mwezi wa kwanza niliouona ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, tena pale pale walipokuwa wakiuonyesha miaka yote. Nililia, na mama akadhani ni kwa furaha.

Siku hizi habari ya mwezi huja kwa simu, na wachache hutoka nje kuangalia. Mimi bado hupanda kichuguu kile. Nikivua miwani, mwezi unapotea. Nikiivaa, ninaukuta palepale. Babu naye, hadi alipofariki, alitoka kila mwaka, akageuza uso upande wa Nyangwe na kuniuliza, "Iko?" Hakuwa akiona hata mkono wake, lakini hakuwahi kutilia shaka kwamba mwezi upo. Aibu ya siku ile ya kuchekwa imepoa zamani. Inayonichoma mpaka leo ni kwamba kwa kuwa mimi sikuuona, niliamini haupo, na miaka yote ile nikamchukulia Babu, na mama, na mtaa mzima, kuwa waongo kama mimi.