Nilitibu database ya kituo cha maziwa Iringa, simu yangu ikanyamaza

Wakuu, za huko mliko.

Humu jukwaani mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu, leo nimeona na mimi niweke uzi wangu. Hii siyo chai. Yamenikuta mimi mwenyewe, na kompyuta inayohusika iko hai mpaka leo, inapiga kazi vizuri kabisa.

Wataalamu wa database mtanivumilia nikirahisisha mambo. Humu kuna wakulima, madereva, na wale wanaokuja kusoma comments tu.

Mimi ni IT wa kampuni moja ya maziwa, makao makuu yako Mbeya mjini. Nikisema IT usidhani ni idara. Ni mimi, meza moja, feni ambayo kwa baridi ya Mbeya haina kazi, na mlango ulioandikwa "Server Room". Watu wa ofisini wakipita pale wanapunguza sauti kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Hakuna anayeingia.

Nimepanga Mbalizi. Kwetu ni Singida. Mke tuliachana, mtoto yuko kwa mama yake, tunaongea Jumapili akipata nafasi, na siku hizi nafasi zenyewe zimekuwa adimu. Sisemi ili mnionee huruma, nasema ili mnielewe huko mbele.

Sasa twende kazini.

Kampuni ina vituo vya kukusanya maziwa Mbeya na Iringa. Kila kituo kina kompyuta moja yenye mfumo wa kupokea. Mfugaji analeta maziwa, yanapimwa, yanaingizwa kwenye mfumo kwa jina lake, ndipo yanamiminwa kwenye tenki la baridi. Usipoingiza kwenye mfumo, humimini. Ni sheria ngumu ila ina maana yake, kwa sababu ndoo moja mbovu ikipita kimyakimya inaharibu tenki zima.

Kituo kimoja kiko Iringa, huko juu njia ya Kilolo. Hicho ndicho kilinitoa jasho.

Msimamizi wake ni mama mmoja, nitamwita Mama Aneth. Yuko pale tangu enzi za kuandika kwa mkono. Asubuhi moja akanipigia.

"Baba, kioo kimekuwa cha bluu, kimeandika Kizungu kingi, halafu kimezima chenyewe."

Nikamwambia asubiri kompyuta ijiwashe. Ikawaka, lakini mfumo haukufunguka, kwa sababu database, yaani ghala la rekodi za mfumo, ilikuwa inafanya recovery. Kwa lugha rahisi, database ikikatwa ghafla katikati ya kazi, ikiamka inapitia kwanza kila kilichoachwa nusunusu, inakamilisha hiki na kufuta kile. Kwa kompyuta ile ya kizamani, ungeweza kuinjika maharage ukakuta yameanza kulainika.

Internet ya kule ni ya kusuasua, siwezi kuingia kwa mbali. Kwa hiyo tunabaki kwenye simu, yeye anaangalia kioo, mimi nasikiliza. Wafugaji wamesimama na keni zao, jua linapanda, maziwa yanapata joto. Yakichacha pale foleni, mfugaji anarudi nayo nyumbani.

Kesho yake ikazima tena. Na keshokutwa. Ikawa ndiyo desturi, asubuhi foleni ikishanoga tu, kioo cha bluu.

Wakuu, nilishuku kila kitu. Nikaanza na umeme, nikatuma UPS mpya, ile betri ya akiba. Ikazima. Nikashuku RAM, yaani memory ya kompyuta, nikatuma nyingine kubwa zaidi kwa basi, Mama Aneth akafungua kompyuta mwenyewe huku namwelekeza, ile ya zamani akaipangusa kwa khanga akaniuliza airudishe au aitunze. Ikazima. Nikashuku virusi, joto, vumbi, panya. Nikatuma flash, nikamwelekeza kwa simu akauweka mfumo wetu upya kabisa. Ikazima.

Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Hizo asubuhi zilikuwa asubuhi nzuri.

Recovery ikiendelea hakuna cha kufanya ila kuongea. Mama Aneth anaweka simu sauti kubwa juu ya meza, nasikia keni zinagongana, nasikia watu wanasalimiana "kamwene, kamwene". Ananisimulia. Msimu wa ulanzi ulipoanza alinieleza jinsi mianzi inavyokatwa ili itoe pombe, na kwamba kuna mzee mmoja msimu huo anakuja amechangamka mpaka anamsalimia hadi tenki. Akanisimulia mgogoro wa kwaya usharikani. Akanisimulia fundi wa tenki aliyekuja akala viazi vyake, akasifia, akaomba vingine vya kubeba.

Na mimi nikawa naongea. Nilimwambia habari za mtoto wangu. Nilimwambia Mbalizi nina majirani pande zote na hakuna anayejua jina langu, wananiita "yule wa kompyuta". Akasema, "Jamani. Na chakula unapika mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Unapika nini?" Tukaongea mapishi mpaka recovery ikaisha.

Ilifika mahali naamka asubuhi nanyoa ndevu vizuri, kwa ajili ya simu. Mnicheke tu.

Siku moja meneja akaniita.

"Vituo vingine mbona havina shida? Mfumo ni ule ule."

Nikasema bado natafuta chanzo.

"Chanzo ni huyo mama. Amezeeka, anabonyeza hovyo. Wafugaji wameanza kupeleka maziwa kwa wachuuzi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Isipotengemaa, tunaweka kijana anayejua kompyuta."

Nilirudi mezani kwangu. Mama wa watu anapoteza kazi kwa kosa la mashine. Na nilielewa jambo la pili, ambalo ndilo lilinikosesha raha: nikishindwa, Mama Aneth anaondoka, na nikiweza, hana tena sababu ya kunipigia. Njia zote mbili zinaishia kwenye simu isiyoita.

Nikaomba safari ya Iringa.

Nilifika kituoni mchana, wafugaji wameshaondoka. Mama Aneth nilikuwa nimemjenga kichwani kama bibi mnene mwenye kigoda. Nikakutana na mama mrefu, koti jeupe, gumboots, anasugua sakafu kwa nguvu kuliko mimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Kumbe ni mwembamba hivi."

Basi. Hatukuwa na la kuongeza. Watu wawili tuliokuwa tunaongea mpaka kioo kinachoka, tumekaa chumba kimoja tunaoneana aibu. Akanipa ugali na kabichi, tukala tunasifia chumvi.

Nikaiinamia kompyuta. Wenzangu, hapa ndipo penye kazi, msiruke.

Nikafungua log, ile kumbukumbu ya matukio ambayo kompyuta inajiandikia. Kabla ya kila kuanguka, ujumbe ulikuwa mmoja: memory imekwisha. Nikashangaa, RAM kubwa nimeweka majuzi tu. Nikaangalia programu zinazotembea muda ule. Nikakuta database server yetu, yaani programu inayoendesha database. Chini yake nikakuta database server nyingine, siijui, sijaiweka mimi.

Nikamuuliza Mama Aneth kama kuna mtu aliwahi kugusa kompyuta. Akasema hapana. Kisha akasema, "Labda yule fundi wa tenki. Si nilikwambia? Aliyekula viazi."

Nilishika kichwa. Ni kweli alishaniambia, mimi nikasikia viazi.

Fundi alifunga kipimajoto kwenye tenki, na kwenye kompyuta akaweka programu ya kukisoma. Programu ile ilikuja na database yake, na kwa kawaida yake inachukua memory yote inayoikuta bila kuuliza. Ya kwetu nayo ilikuwa haijawekewa kikomo. Mchana tenki limetulia, zinaelewana. Asubuhi maziwa ya moto yakianza kuingia, joto linapanda na kushuka, ile ya tenki inaandika kila sekunde, ya kwetu inaandika wafugaji, zote mbili zinagombea memory. Ikiisha, driver ya kile kipimajoto, yaani programu ndogo inayokiunganisha na kompyuta, ambayo ni ya zamani, inaanguka na kuburuza kompyuta nzima. Vituo vingine havikuwa na kipimajoto hicho, ndiyo maana vilikuwa salama.

Nikaziwekea kikomo cha memory zote mbili. Ile ya tenki nikaiambia iandike kila dakika inatosha. Driver nikaweka mpya. Nililala nyumba ya wageni, asubuhi nikasimama nyuma ya Mama Aneth wakati foleni imejaa. Mfugaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho akamimina akaondoka. Haikuzima.

Mama Aneth alipiga vigelegele pale pale. Nikamweleza meneja kwa simu, kila kitu, na kwamba huyu mama hakuwahi kubonyeza chochote hovyo. Akajibu, "Sawa, abaki." Kwenye group la kazi akaweka dole gumba.

Nilipoondoka Mama Aneth alinifungia viazi kwenye kiroba, akanishukuru kwa mikono miwili. Nilitaka kusema kitu, nikasema kompyuta isifunikwe na kitambaa, inahitaji hewa.

Nikarudi Mbeya. Simu ikanyamaza.

Wakuu, IT mnajua. Mfumo ukiwa mzima, wewe haupo. Asubuhi nilikuwa nakaa mbele ya kioo changu naangalia rekodi za vituo zinavyoingia; ni nyepesi, zinapita hata kwa internet ya kusuasua. Rekodi ya kwanza ya Kilolo ikitokea najua Mama Aneth amefika. Zikiingia polepole najua mvua inanyesha kule, watu wamechelewa. Zikienda haraka najua ana furaha au ana msiba wa kuwahi. Namjua kwa namba tu, yeye hajui kama naangalia. Nilikuwa mpweke kabla, lakini huu ulikuwa upweke wa mtu aliyeonjeshwa.

Siku moja internet ya kule ilikuwa nzuri kuliko kawaida. Nikaingia kwenye kompyuta yake kwa mbali, nikajiambia naenda kukagua. Nikafungua pale nilipoweka kikomo cha memory. Ningekifuta tu. Asubuhi yake simu ingeita.

Mkono ulikuwa juu ya mouse. Nikawaona wale watu na keni zao juani. Nikamwona mama anasikia tena kwamba amezeeka. Nikafunga, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi, na niseme ukweli, machozi yalinitoka. Mtu mzima, kwa ajili ya simu.

Nikaitoa mfukoni. Nilianza kutafuta sababu: naulizia backup, naulizia UPS, naulizia joto la tenki. Zote nikaona ni za kijinga. Nikapiga bila sababu.

Alipokea haraka, sauti ya hofu.

"Baba! Imekuwaje? Mimi sijagusa kitu!"

Ilinichoma. Sikuwahi kumpigia kwa heri hata mara moja.

"Shikamoo mama. Mfumo mzima. Hakuna shida."

"Marahaba. Sasa?"

"Nimepiga tu."

 Nikasikia maji yanadondoka, nadhani alikuwa anaosha keni. Nikawa nimeshaanza kuandaa maneno ya kuaga.

"Subiri," akasema.

Nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye sakafu, kisha akapumua kama mtu aliyeketi.

"Haya, nimekaa. Leo umepika nini?"

Wakuu, kwa upande wa kazi: kabla hujabadilisha vifaa uliza nini kimeongezwa kwenye kompyuta, wekea database yako kikomo cha memory, na mtu akikusimulia jambo sikiliza mpaka mwisho, hata kama ni la viazi.

Kwa upande mwingine sina ujuzi, ndiyo maana nimeleta kwenu. Wale mnaofanya kazi peke yenu kwenye vyumba kama changu, mfumo ukiwa mzima, wewe unampigia nani? Andikeni hapo chini. Nitasoma zote, na nitajibu zote, nafasi ninayo.